Aliyefungua Ndiva

Kila Ijumaa alasiri, baada ya kengele ya mwisho, ushirika wetu wa wanafunzi Wakristo ulikutana katika darasa la kidato cha pili, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa na madirisha yanayofungika. Shule yetu ya kata ipo kwenye bega la mlima, upande wa Upare unaotazama tambarare ya Ndungu, na upepo wa kiangazi huku haumwachi mtu amalize sentensi. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea. Nilikuwa nimehitimu chuo, ajira ilikuwa haijatoka, na badala ya kukaa kwa wazazi wangu mjini Same nikisubiri tangazo, niliomba nipande huku nifundishe Historia. Ushirika nilikabidhiwa na mkuu wa shule kwa sababu walimu wenzangu hawakuutaka.

Nilikuja na msimamo mmoja, nao niliushika kwa ukali ambao pengine ni wa umri wangu. Sikutaka mwanafunzi asimame na kusema ameomba, amefunga, au amesoma Neno. Hayo niliyaheshimu, lakini niliwaambia wayaweke mahali pake. Kila mmoja alitakiwa kueleza jambo moja la wiki hiyo ambalo imani yake ilimdai: jikoni, shambani, njiani, dukani. Wiki za mwanzo walitazama dari. Kisha kijana mmoja wa kidato cha tatu, mchekeshaji wa darasa, akanyoosha mkono.

"Madam, mimi wiki hii sikuangalizia kwa jirani yangu kwenye jaribio la hisabati."

"Kwa sababu ya imani?"

"Kwa sababu jirani yangu anajua hisabati kidogo kuliko mimi. Lakini nilimshukuru Mungu hata hivyo."

Darasa likacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo midomo ikafunguka. Walisimulia juu ya chumvi iliyopimwa vizuri dukani, juu ya bibi aliyesaidiwa kuteka maji na mjukuu aliyekuwa akimkwepa. Yalikuwa mambo madogo. Nilidhani hapo ndipo kazi yangu ilipoishia, kuwapeleka kwenye mambo madogo.

Katibu wa ushirika alikuwa binti wa kidato cha nne, mtulivu, mwenye mwandiko mzuri na tabia ya kuuliza swali baada ya wengine wote kunyamaza. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri na mjumbe wa bodi ya shule. Ndiye aliyesema neno kwa mkuu wa shule nikapatiwa chumba cha kulala bila malipo. Nilimwamkia kila Jumapili, "Shikamoo baba," naye aliniitikia, "Marahaba mwanangu, watoto wanakusumbua?" kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua.

Sasa lazima nieleze ndiva, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo wazee wa zamani walilichimba juu ya mashamba. Kijito hulijaza usiku kucha. Asubuhi mlango wake, uliozibwa kwa gogo na udongo na majani makavu ya mgomba, huzibuliwa, na maji huteremka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Siku ya fulani ni ya fulani. Kiangazi kikikaza zamu huwa chache, na familia inaweza kuyatazama maharage yake yakinyauka huku maji yakipita kando yake kwenda kwa mwingine, na isiyaguse. Kufungua ndiva siku isiyo yako ni kosa ambalo watu hawalisahau hata kwenye mazishi yako.

Mwaka ule kiangazi kilikaza mapema. Asubuhi ya Jumanne moja, mwenye zamu alipofika ndivani alikuta gogo limerudishwa vibaya na maji yamebaki matope. Walipofuata mfereji kuteremka, mashamba ya kati yalikuwa yamekauka juu, lakini shamba la mwisho kabisa, chini karibu na genge la mlima, lilikuwa limelowa. Shamba lile lilikuwa limekodiwa na mwanamume aliyetoka mbali. Alikuja nchi hii kukata mkonge katika mashamba ya tambarare, akaoa huku, akapanda mlimani na mkewe. Nyanya zake zilikuwa zimeanza kutoa maua. Zilikuwa ndizo riziki yake yote ya mwaka.

Hawakuhitaji ushahidi mwingine. Kikao cha wenye mfereji kiliitishwa Jumamosi asubuhi kando ya ndiva, na adhabu ilijulikana hata kabla ya kikao: anayethibitika kuiba maji hukatwa kwenye mfereji mpaka mvua zinyeshe. Kwa yule bwana, hilo lilikuwa sawa na kumwambia ashuke alikotoka.

Mkewe alikuwa akikaanga maandazi langoni mwa shule. Jumatano wakati wa mapumziko nilisimama kwenye baraza la ofisi nikawasikia wanafunzi waliomzunguka.

"Mama, haya yamekandwa kwa maji ya bomba au ya ndiva?"

"Niwekee mawili. Lakini yasiwe ya zamu ya mtu."

"Huyu anauza kilimo cha umwagiliaji."

Mama yule aliendelea kugeuza maandazi kwenye karai bila kuinua uso. Aliyesema la mwisho alikuwa mchekeshaji wangu wa Ijumaa. Na pembeni, akiwa na pesa yake mkononi, alisimama katibu wa ushirika. Hakucheka. Aliirudisha pesa mfukoni akaondoka bila kununua, na mimi nikamwelewa vibaya. Nilidhani amemsusia yule mama.

Ijumaa niliingia darasani nikiwa nimekasirika. Niliuliza ni nani kati yao aliyemcheka mama wa maandazi. Mikono ilichelewa, kisha ikapanda, ukiwemo wa mchekeshaji.

"Madam, si amethibitika mwizi mumewe?"

"Amethibitika wapi? Kikao ni kesho."

"Shamba limelowa, Madam. Maji hayana miguu."

"Yana mteremko," alisema mwingine kutoka nyuma, na wachache wakacheka kwa wasiwasi.

Nikawaambia kwamba kumhukumu mtu kabla hajasikilizwa ni kusema uongo juu yake, hata kama baadaye itaonekana kweli alikosa. Nikawaambia kwamba mtu anayejua kitu kitakachomwokoa mwenzake na akanyamaza, anashirikiana na wanaomwangamiza. Nilisema haya kwa ufasaha. Nilikuwa nimejifunza chuoni kuyasema, na mifano ya chuoni ilikuwa misafi, watu wake hawakuwa na baba wala mama. Katibu aliinamisha kichwa muda wote.

Wenzake walipoondoka alibaki akifagia darasa lililokuwa limekwisha kufagiwa.

"Madam," alisema, akiwa amenipa mgongo, "hayo uliyoyasema, ni ya shuleni au mpaka nyumbani?"

"Mpaka nyumbani. Kwa nini?"

Aliegemeza ufagio ukutani. "Ndiva niliifungua mimi na baba."

Nje, upepo uligonga dirisha.

"Aliniamsha kabla hapajapambazuka," akaendelea. "Maharage yetu yamo kwenye maua, na zamu yetu iko mbali. Aliniambia nichukue jembe. Nilimuuliza, baba, leo ni zamu yetu? Akasema, maji ni ya Mungu, hayana jina la mtu. Nikavuta gogo, yeye akakinga maji kwenye mfereji yaingie kwetu. Tulipomaliza tulifukia kwa udongo mkavu shamba letu lisionekane limelowa. Lakini mabaki yalishuka yenyewe. Yakaenda kusimama kule chini kwa yule bwana, kwa kuwa shamba lake ndilo la mwisho."

"Baba yako anajua kwamba yule bwana anatuhumiwa?"

"Anajua. Juzi tulipokuwa tunakula mama alisema, maskini yule mtu wa mkonge. Baba akaacha ugali, akatoka nje."

Nilihisi kitu ambacho sipendi kukiandika, lakini kilikuwepo: kabla ya kumfikiria yule bwana na nyanya zake, au binti huyu, nilifikiria chumba changu na bodi ya shule. Ilikuwa kwa kitambo tu. Kisha nikaona kwamba binti ananitazama, akinisubiri niseme kama maneno yangu yalikuwa na uzito au yalikuwa kipindi cha Ijumaa.

Nilimwambia asiende kulisema kikaoni kabla ya kumwendea baba yake faraghani. Hilo nililitoa katika Maandiko na nilikuwa na hakika nalo. Akatikisa kichwa.

"Kwetu mtoto hamwambii baba kwamba amekosea, Madam. Nikimwambia mimi, nimemtukana, na nililomwambia halisikiki tena. Linalosikika ni tusi. Anayemwambia ni mjomba. Mimi namwambia mjomba, mjomba anamwambia baba."

"Mjomba yuko wapi?"

"Ndungu. Analinda mpunga usiliwe na ndege."

Wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo tulipanda nyuma ya maabara, mahali ambapo mtandao hushika, na nikampa yangu, spika ikiwa wazi. Tulipiga mara nyingi. Mjomba alipopokea, kelele za ndege na za makopo yanayogongwa zilijaa kwenye simu.

"Nani? Mpwa wangu? Subiri kwanza, hawa kwelea wananimaliza. Enhe, kuna msiba?"

Binti alimweleza yote kwa Chasu, lugha ya Wapare, kwa sauti ya chini, na mimi nikasimama kando nikitazama chini kwenye tambarare, ambako maji ya mashamba ya mpunga yalikuwa yakimetameta kana kwamba dunia nzima ina maji. Alipomaliza, mjomba akamjibu kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie:

"Usimwambie baba yako kitu. Usimwambie mtu. Kesho napanda na bodaboda ya kwanza, nitakuwa hapo kabla hawajaketi. Hili ni langu."

Binti akapumua. Mimi pia.

Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda ndivani. Sikualikwa, lakini hakuna aliyenifukuza. Watu walikuwa wameketi kwenye ukingo wa mawe, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na maji ya ndiva yakiwa nusu, yenye rangi ya chai. Yule bwana wa shamba la mwisho alisimama peke yake karibu na mlango wa maji, kofia mkononi. Mkewe aliketi nyuma ya wanawake wote. Baba yake katibu alikuwa kwenye safu ya mbele, akichora chini kwa kijiti. Katibu aliketi na mama yake. Kila nilipomtazama, macho yake yalikuwa kwenye njia inayotoka bondeni. Hapakuwa na mngurumo wa pikipiki.

Nilipofika nilimnong'oneza mwenyekiti wa mfereji, mzee mwembamba mwenye sweta la shule lililochakaa, kwamba ningependa kuomba kikao kisubiri kidogo.

"Wewe ulitoka kwenye msaragambo lini, mwalimu?" aliniuliza bila ukali.

Msaragambo ni kazi ya pamoja. Baragumu hupigwa, kila kaya hutoa mtu, na matope ya ndiva huzolewa kwa mikono. Nilimjibu kwamba sijawahi.

"Basi keti usikilize. Hapa anasema yule ambaye matope haya yamemchafua. Hatumkatazi mtu kwa ubaya, ndivyo ilivyo."

Nikaketi. Mtu niliyekuwa nimewafundisha watoto wao kutokunyamaza, sikuwa na sauti mahali pale.

Kikao kilikwenda haraka kuliko nilivyotazamia. Mwenye zamu ya Jumanne alieleza alichokikuta. Mwingine alieleza unyevu wa shamba la chini. Bwana yule akaulizwa.

"Mimi sikufungua," alisema. "Niliamka nikakuta maji. Nikadhani ni neema."

"Neema inayojua njia ya kwako tu," alisema mtu, na pakawa na kicheko kifupi.

"Huko kwenye mkonge mlizoea kuchukua chochote mnachokikuta," akasema mwingine.

"Huko kwenye mkonge tulizoea kufanya kazi," bwana yule akajibu. "Uliza nani alizoa matope hapa mwaka huu na mwaka jana. Nani alikosekana? Si mimi."

"Hilo hatulikatai," alisema mwenyekiti. "Lakini maji ya Jumanne yalikwenda, nasi tumeyakuta kwako." Akatazama safu moja hadi nyingine. "Kuna mwenye neno kabla sijafunga?"

Nilisikiliza njia ya bondeni. Upepo tu. Baba aliendelea kuchora kwa kijiti. Mwenyekiti alishika fimbo yake ili asimame, na kusimama kwake ndiko kufunga.

Binti alisimama kabla yake. Mama yake alimvuta kitenge, na yeye akakichopoa taratibu.

"Shikamooni wazee," alisema. "Mimi nilizoa matope kwa niaba ya nyumba yetu. Nina neno."

"Marahaba. Sema, mjukuu wangu."

"Aliyevuta gogo Jumanne ni mimi. Mikono ni yangu. Yule bwana hakuja hapa. Maji yalimkuta."

Mwenyekiti alimtazama kwa muda mrefu, kisha, bila kugeuza kichwa, akamtazama baba yake.

"Peke yako?" akauliza.

"Mzee, nimesema langu."

"Nimekuuliza, ulikuwa peke yako? Gogo hili hulivuti na kukinga maji mwenyewe."

"Nimesema langu, babu. La mtu mwingine analo mwenyewe."

Kila mtu pale alijua. Hata mimi mgeni niliona jinsi macho yote yalivyokwenda mahali pamoja na kuondoka hapo upesi, kwa haya. Baba aliacha kuchora. Aliangalia kijiti chake kana kwamba ameokota kitu cha mtu. Nilikuwa naomba, lakini sikumbuki niliomba nini. Nilichokijua ni kwamba kama mtu huyu angebaki ameketi, binti angebeba lile kosa kwenye kijiji hiki maisha yake yote, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba ni mpaka nyumbani.

Baba alisimama polepole, akivua kofia.

"Mtoto huyu nilimwamsha mimi," alisema. "Aliuliza kama ni zamu yetu, nikamjibu vibaya. Andikeni ni nyumba yangu. Yeye mwacheni."

Akaketi. Mwenyekiti hakumkemea. Alitangaza tu, kwa sauti ileile aliyoitumia kwa wengine, kwamba nyumba hiyo haitagusa maji ya mfereji mpaka mvua, na kwamba zamu ya bwana wa chini inabaki kama ilivyokuwa. Wanaume wawili walimwendea yule bwana kumpa mkono. Aliwapa, lakini akamwambia yule aliyeutaja mkonge:

"Hata dukani ulisema mbele ya watu kwamba mimi ni mwizi. Kaseme dukani kwamba si mimi."

"Nitasema," alisema yule mtu, akitazama pembeni.

Watu walipokuwa wakitawanyika ndipo pikipiki ilipofika. Mjomba aliteremka akiwa amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, suruali imekunjwa magotini kama aliyetoka kwenye majaruba ya mpunga muda uleule. Mnyororo ulikuwa umekatika njiani. Alitazama nyuso mara moja akaelewa.

"Hukuweza kunisubiri?" alimuuliza mpwa wake.

"Hawakunisubiri mimi, mjomba."

Akashusha pumzi, akamfuata shemeji yake aliyekuwa tayari ametangulia njiani. Walikwenda wote wawili, mmoja nyuma ya mwingine.

Jumatatu binti alikuja shuleni. Nilimuuliza nyumbani kukoje.

"Baba hajaniambia neno," alisema. "Si la hasira, si la chochote. Ananiwekea nafasi nipite. Mjomba anasema ni aibu, si chuki, itapungua. Lakini maharage hayasubiri aibu ipungue, Madam. Mama na mimi tunabeba ndoo kutoka kijitoni. Ijumaa sitakuja ushirika."

Kijito ni cha wote. Kilichokatazwa ni mfereji. Lakini kutoka kijitoni hadi shamba lao ni mlima ambao mtu mwenye ndoo kichwani huupanda akiwa ameuma meno, na shamba halikuwa dogo. Nilifikiri juu ya hilo wiki nzima. Ijumaa niliwaambia wanaushirika kwamba hatutaingia darasani, na kwamba anayetaka aje na ndoo. Sikutoa hotuba. Nilikuwa nimeogopa hotuba zangu.

Walikuja wengi, si wote. Mchekeshaji alikuja na ndoo mbili. Alikuwa amepita langoni kwa mama wa maandazi. Sikusikia walichoambiana, ila nilimwona akitoka huku masikio yamemwiva.

Tulipofika, baba yake katibu alikuwa katikati ya shamba. Mistari ya juu ilikuwa imekwisha kuungua, majani yamejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Alitutazama tukipanda katika mstari mrefu, maji yakitumwagikia mabegani, na uso wake ukawa mgumu. Nilidhani atatufukuza.

"Nani kawatuma?" aliuliza.

Alinitazama mimi. Nilitaka kujibu, lakini mchekeshaji akanitangulia.

"Hakuna, mzee. Shikamoo."

Hakuitikia. Alisimama hapo na jembe lake, nasi tukasimama na ndoo zetu, shingo zikituuma, hakuna aliyethubutu kutua. Binti, tuliyemkuta kijitoni, alikuwa wa kwanza katika mstari, ndoo kichwani, macho chini. Baba yake alitazama mistari iliyoungua, kisha ile ya chini iliyokuwa bado na ua moja moja jeupe. Alipoongea alimwambia yeye, si mimi wala wengine.

"Ya juu yamekwisha, mwanangu. Anzia hapa."